Mwalimu, nimehamia Dodoma na mtoto yuko nyumbani. Nimpeleke shule gani?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Tulikuwa tunaishi Pongwe, Tanga, hadi mwezi wa sita mwaka huu, mume wangu ambaye ni dereva serikalini alipohamishiwa Dodoma. Tumepanga Nzuguni. Mimi ni fundi cherehani, na nashukuru Mungu wateja wameanza kunijua.

Mtoto wangu mkubwa ni wa kike, yuko darasa la tano. Mdogo ni wa kiume, anamaliza awali, na Januari anatakiwa aanze darasa la kwanza. Huko Tanga sikuwahi kuhangaika na mambo ya shule. Walisoma palepale niliposoma mimi, walimu wananifahamu, na mtoto akichelewa kurudi kuna mtu ananipigia simu. Hapa sina ninayemjua.

Kila ninayemuuliza ananitajia shule moja ya katikati ya mji, eti huko ndiko wakubwa wanakopeleka watoto wao. Nilikwenda nikaambiwa darasa la tano limejaa. Natoka getini, kijana mmoja akanifuata, akasema yeye anaweza kunitafutia nafasi kwa shilingi 200,000, nusu nitoe sasa na nusu mtoto akishapokelewa. Sikumpa kitu, lakini namba yake ninayo, na kila nikimtazama mwanangu nashawishika kumpigia.

Huku mtaani kuna shule mbili za serikali. Moja ni ya zamani, watoto ni wengi mno, lakini kwa miguu ni karibu sana. Nyingine ni mpya, majengo yanapendeza, ila iko ng'ambo ya barabara kuu ya Morogoro na haijawahi kutoa darasa la saba. Ya zamani watu wanasema ni ya watoto walioshindikana. Ile mpya wanasema haina walimu.

Mume wangu anataka tukope SACCOS tuwapeleke wote shule binafsi ya Kiingereza. Ada ni milioni moja na laki nane kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Nikipiga hesabu naona haiendi, nikimwambia ananijibu kwamba sitaki watoto wafike mbali. Tumebaki tunavutana, na tangu shule zifunguliwe mwezi wa saba binti yangu yuko nyumbani, kwa sababu hatuwezi kuomba uhamisho bila kujua anakwenda wapi.

Mwalimu, mgeni wa mji ataijuaje shule nzuri? Niangalie nini? Na je, ninamkosea mwanangu nikimnyima hiyo shule ya Kiingereza?

Mama Rehema,
Nzuguni, Dodoma

* * *

Marahaba, mwanangu, na karibuni Dodoma.

Nianze na binti, shule nitazifikia. Hilo la kukaa nyumbani tangu mwezi wa saba ndilo lililonishtua kuliko yote uliyoandika. Darasa la tano lina Hisabati za sehemu na desimali, na kila kitakachofuata darasa la sita kinakalia hizo. Mtoto akirudi baada ya wiki nyingi anakuta wenzake wamevuka, anaona aibu kuuliza, ananyamaza. Nimewafundisha watoto wa namna hiyo. Huwa hawafeli kwa kukosa akili, wanafeli kwa kukosa zile wiki. Kwa hiyo yote nitakayokueleza hapa yafanye ndani ya juma moja, na Jumatatu inayofuata awe amekaa kwenye dawati.

Namba ya yule kijana ifute. Uhamisho kutoka shule moja ya msingi ya serikali kwenda nyingine hauuzwi na mtu getini. Siku hizi kila mwanafunzi ana namba yake kwenye mfumo wa PReM unaosimamiwa na Baraza la Mitihani, na uhamisho unapita humo: shule ya Tanga inamwachia, ya Dodoma inampokea, na maofisa elimu wanaidhinisha. Mtoto akiingizwa kwa mlango wa nyuma anaweza akakaa darasani huku jina lake limebaki Tanga, anahesabiwa mtoro. Mtayagundua hayo wakati wa kusajiliwa kwa mtihani wa mwisho, na wakati huo laki mbili zako zilishaliwa zamani. Mtu yeyote akikudai pesa ya nafasi, awe nje ya ofisi au ndani yake, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Kuhusu ile shule ya mjini, walipokwambia imejaa, waamini. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, watumishi waliokuja na familia zao walikimbilia shule zilezile chache zenye majina, na shule hizo zilijengwa kwa ajili ya mji mdogo. Jina lilipatikana watoto walipokuwa wachache. Unaweza kupigania nafasi ukaipata, kisha mwanao akawa mtoto wa tisini kwenye chumba kilichokusudiwa watoto 45. Tena fikiria njia. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na wewe unajua konda anavyofanya akiona kituo kimejaa sare za shule na watu wazima wa kulipa nauli kamili wapo. Binti wa darasa la tano asimame kituoni gizani asubuhi, apitwe na gari baada ya gari, arudi jioni hivyohivyo. Shule hiyo ingebidi iwe ya ajabu sana kufidia uchovu huo, nami sidhani kama ipo ya ajabu kiasi hicho.

Kwa hiyo zimebaki mbili za mtaani kwenu, na hapo ndipo penye kazi.

Anza na matokeo, kwa sababu ni ya bure na unayasomea kwenye simu. Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani fungua matokeo ya darasa la saba, chagua mkoa, halmashauri, kisha shule. Juu utaona idadi ya waliofanya mtihani na wastani wa shule. Masomo ni 6, kila moja lina alama 50, jumla 300. Wastani wa 121 hadi 180 ni daraja C, 181 hadi 240 ni B, na kuanzia 241 ni A. Usitazame mwaka mmoja, tazama mitatu au minne, uone kama shule inapanda, inashuka au imesimama. Wastani ukikupa moyo au ukikukatisha tamaa, usiishie hapo. Kila mtahiniwa ana mstari wake, na masomo yameandikwa moja moja. Shuka na Hisabati mtahiniwa kwa mtahiniwa. Kiswahili mtoto anaweza kuokota hata mtaani. Hisabati haiokotwi. Shule ambayo watoto wengi wana C na B za Hisabati, hata kama wastani wake wa jumla hautishi, ina mwalimu anayefundisha.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalifanyi, nami nakuomba ulifanye. Tafuta matokeo ya upimaji wa darasa la nne ya shule hiyohiyo, ya miaka mitatu kabla. Hao ndio watoto waliokuja kufanya darasa la saba. Tuseme darasa la nne walifanya 180, na darasa la saba wakafanya 110. Wale 70 wamekwenda wapi? Wapo waliohama kama ninyi mnavyohama, na wapo waliorudia darasa. Lakini pengo likiwa kubwa hivyo kila mwaka, shule hiyo inapoteza watoto njiani, na ufaulu wake ni ufaulu wa waliobaki. Pengo likiwa dogo, hata kama wastani ni wa kawaida, hiyo ni shule inayoshika watoto wake, na mimi ningeiheshimu kuliko ile yenye alama nzuri iliyopunguza watu.

Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo yaliyotoka mwanzoni mwa 2023, na nililifurahia sana jambo hilo. Ile orodha iliwafanya wazazi wakimbilie majina. Wastani mkubwa mara nyingi unakueleza watoto wanatoka nyumba za namna gani: nyumba zenye taa, vitabu na twisheni ya jioni. Haukuelezi mwalimu amefanya nini.

Halafu nenda mwenyewe. Nenda katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, kama saa tatu asubuhi, usimtaarifu mtu. Pita ofisini kwa mwalimu mkuu umsalimie, mweleze umehamia na una mtoto wa darasa la tano. Wakati anakusikiliza, soma ukuta. Ofisi ya mwalimu mkuu ina manila zimebandikwa, na juu ya manila kuna jedwali lenye mahitaji, yaliyopo na upungufu. Utaona walimu wanaohitajika na waliopo, madawati, vyumba vya madarasa, matundu ya vyoo, na idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, wavulana kwa wasichana. Yote uliyokuwa unayasikia mtaani, kwamba hii haina walimu na ile imejaa, majibu yake yamebandikwa hapo. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Karibu kila shule itakuwa imepitiliza, kwa hiyo usitafute inayofikia kiwango, linganisha hizo mbili. Na angalia manila ni ya lini. Mwalimu mkuu ambaye takwimu zake ni za juzi anaijua shule yake. Zikiwa za mwaka juzi na zimefifia, ondoka na swali.

Ukitoka ofisini, tembea taratibu kuelekea getini ukihesabu madarasa yenye mwalimu ndani. Kukosekana mmoja ni kawaida, huenda anaumwa au ameitwa halmashauri. Madarasa matatu manne yanayojiendesha yenyewe saa tatu asubuhi, walimu wamekaa chini ya mti na simu, hiyo ndiyo shule ilivyo kila siku. Usikilize pia sauti ya fimbo. Kanuni zinasema adhabu ya viboko inatolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua, visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu anayezunguka darasani na fimbo mkononi tangu asubuhi hafuati kanuni hizo, na watoto wake wanajifunza kukwepa kujibu.

Halafu omba kuona choo cha wasichana. Usione haya. Binti wa darasa la tano anakaribia kuvunja ungo, au ameshavunja hajakuambia. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, lakini mimi nataka uangalie zaidi mlango, komeo na maji. Maji ya Dodoma umeshayaonja taabu yake, kwa hiyo uliza kuna tenki, kuna ndoo, nani anajaza. Mlango ukiwa haufungi, binti yako atakosa shule siku kadhaa kila mwezi na atakwambia kichwa kinamuuma.

Sasa daftari. Hili nimeliweka peke yake kwa sababu ndilo ningelitegemea kama ningebakiziwa kipimo kimoja.

Wewe ni fundi. Gauni ukitaka kujua limeshonwaje, hulitazami kwa nje, unaligeuza uone mishono. Daftari la mtoto ndiyo mishono ya shule. Na kazi yako imekupa bahati ambayo wageni wengine hawana: mama wa mtaani wanakuletea sare za watoto wao. Mama akija kupima sketi ya mtoto wa darasa la nne au la tano, mwambie kwa upole, "Dada, naomba mwanao akija kuchukua sketi aje na daftari la Hisabati na la Kiswahili, nina binti nataka kumpeleka shule yenu." Hakuna atakayekataa. Watu wanapenda kuulizwa kuhusu shule za watoto wao.

Ukilipata, tazama tarehe kwanza. Kila zoezi lina tarehe juu. Fuata tarehe hizo ukurasa kwa ukurasa. Ukiona Hisabati mara tatu au nne kwa wiki, mwalimu yupo. Ukiona zoezi la tarehe 12 Februari linafuatwa na la tarehe 12 Machi, uliza kilichotokea katikati. Mwalimu anaweza kuugua au kwenda likizo ya uzazi, hilo ni haki yake, ila shule inayoongozwa vizuri inaziba pengo na darasa haliachwi wiki nne.

Kisha tazama wino mwekundu, na usiridhike kwamba upo. Chagua swali moja ulikokotoe mwenyewe. Mtoto ameandika 3/4 jumlisha 1/4 ni 4/8, na pembeni kuna alama ya vema? Basi mwalimu ametiki bila kusoma, au watoto wamesahihishiana na hakuna aliyepitia. Ukikuta kosa limewekwa alama ya kukosa, na chini yake neno Masahihisho limepigiwa mstari, na mtoto amerudia lile swali akalipata, na mwalimu amerudi kulisahihisha tena, mwanangu, hiyo ni shule. Hata kama paa linavuja. Mwalimu aliyerudi mara ya pili kwenye kosa la mtoto mmoja kati ya themanini amefanya kazi ambayo hakuna mtu alikuwa anamwangalia akiifanya.

Kwenye Kiswahili tafuta maneno ya mtoto mwenyewe. Daftari linaweza kujaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila ukurasa umeandikwa vizuri, na yote ni nukuu zilizokopiwa ubaoni. Mtoto huyo hajawahi kuandika wazo lake. Darasa la tano wanapaswa kuandika barua na insha fupi. Mwalimu mwenye watoto tisini hawezi kusahihisha insha tisini kila siku, tusimwonee. Moja kwa wiki mbili inawezekana, nami naijua kwamba inawezekana. Insha yenye makosa mengi na maelezo mawili ya mwalimu pembeni ina thamani kuliko kurasa kumi za nukuu safi.

Kwa mwanao mdogo kipimo ni kingine. Januari anaingia darasa la kwanza, na humo kazi ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Muulize mwalimu mkuu wa kila shule swali hili: darasa la kwanza analifundisha nani? Mwalimu mkuu anayejua kazi yake atakutajia mtu kwa fahari, mwalimu mzoefu, mvumilivu, aliyezoea watoto wadogo. Akikwambia "tutaona nani atabaki bila kipindi," umeshajibiwa. Uliza pia mikondo ni mingapi, kwa sababu darasa la kwanza ndilo linalofurika kuliko yote na shule nyingine huliweka lote chumba kimoja. Na uliza kama kuna zamu ya asubuhi na ya mchana, maana mtoto wa miaka 6 anayeingia darasani mchana wa jua la Dodoma anakwenda kusinzia. Halafu hapo kwenye cherehani yako, akija mtoto wa darasa la pili wa shule hiyo, mpe kitabu cha hadithi asome aya moja. Watoto watatu wanne wakisoma bila kuunganisha herufi kwa shida, darasa la kwanza la shule hiyo lilifanya kazi yake.

Ile shule mpya usiidharau kwa kuwa haina matokeo. Miaka ya karibuni shule nyingi za msingi zimejengwa kwa mradi wa serikali uitwao BOOST ili kupunguza msongamano kwenye za zamani, na zina madarasa yenye nafasi, madawati na vyoo vizuri. Kasoro yake mara nyingi huwa walimu wachache mwanzoni. Hiyo utaisoma kwenye manila. Lakini barabara ya Morogoro inanitia hofu. Mabasi ya mikoani yanaingia na kutoka stendi kuu ya Nzuguni, malori hayapungui, na mtoto wa darasa la kwanza hana kipimo cha mwendo wa basi. Kama hakuna kivuko chenye mtu wa kuwavusha watoto, au ninyi wenyewe hamuwezi kuwavusha kila siku asubuhi na mchana, kwangu hiyo inatosha kuamua. Ningewaweka wote wawili shule ya zamani, dada akamshika mdogo wake mkono, kwa sharti kwamba daftari hazikukuonyesha darasa lililotelekezwa. Kwamba ni ya watoto walioshindikana, hayo ni maneno ya watu wasio na mtoto pale. Waulize walio nao.

Tuje kwa baba Rehema. Usimchukulie kama anayekupinga. Anajua sekondari karibu masomo yote ni kwa Kiingereza, na pengine ameona watoto waliofaulu vizuri la saba wakanyamaza kidato cha kwanza kwa sababu ya lugha. Hofu yake ina msingi, na ukimwambia tu kwamba pesa hakuna, atasikia kwamba watoto hawana thamani. Anza kwa kukubali hofu yake, ndipo muweke hesabu mezani.

Watoto wawili ni milioni 3.6 kwa mwaka, na ada haijawahi kuwa peke yake, kuna basi, sare, vitabu, chakula na safari za shule. Mdogo ana miaka 6 ya msingi mbele yake, kwa kuwa sera mpya imeondoa darasa la saba kwa wanaoanza sasa. Mkopo wa SACCOS unalipa mwaka mmoja. Mwaka wa pili mtakopa nini, na huku mnarejesha wa kwanza? Nimewaona watoto waliotolewa shule binafsi katikati ya muhula kwa deni, wakarudi kwetu wameinamisha vichwa. Hilo linamuumiza mtoto kuliko kutokwenda kabisa. Na binti yenu amesoma kwa Kiswahili tangu mwanzo. Shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza zitampa jaribio kisha zitataka arudishwe darasa moja au mawili nyuma. Mwulizeni kama yuko tayari kwa hilo, ana umri wa kuulizwa.

Zipo pia shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond kule Dar es Salaam, ambako wazazi huchangia kiasi kilicho chini sana ya ada ya shule binafsi. Ulizeni idara ya elimu msingi ya Jiji nafasi zikoje kwa hapa. Kwa mdogo anayeanza darasa la kwanza ni jambo la kuangalia. Kwa dada yake, hapana.

Kiingereza cha binti kijengeni nyumbani. Mtaala mpya unakifundisha kama somo tangu darasa la kwanza, kwa hiyo mdogo atakipata mapema. Kwa mkubwa, nusu saa kila jioni inatosha kama haikosekani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, baba anaweza kuvifungua kwenye simu. Asome ukurasa mmoja kwa sauti, amweleze baba kwa Kiswahili alichosoma, kisha aandike sentensi tano zake. Mpe baba kazi hiyo iwe yake. Mtu aliyetaka kukopa mamilioni kwa ajili ya Kiingereza cha mwanawe hatashindwa kumpa nusu saa, na akiwa safarini simu ipo.

Nendeni wote wawili kuzitazama hizo shule. Mwanamume akiona mwenyewe daftari lililosahihishwa vizuri, ubishi unapungua bila ninyi kugombana.

Karatasi ni chache. Mpigie mwalimu mkuu wa Tanga leo umwambie unahitaji uhamisho na namba ya PReM ya binti. Mwalimu mkuu wa shule mtakayoichagua aandike kwamba nafasi ipo. Beba cheti cha kuzaliwa, ripoti za mwisho za mtoto na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Uhamisho wa mkoa hadi mkoa una ngazi zake na unaweza kuchukua muda, kwa hiyo mwombe mwalimu mkuu kwa unyenyekevu mtoto aanze kukaa darasani wakati karatasi zinatembea. Wengi hukubali wakiona mzazi ameshaanza utaratibu. Ukikwama, nenda kwa Afisa Elimu Kata kabla hujafikiria kwenda jijini.

Ada hamtadaiwa, ilifutwa shule za msingi za serikali tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtasikia michango, hasa ya uji na chakula cha mchana. Inayojadiliwa kwenye mkutano wa wazazi na kutolewa stakabadhi, changieni mkiweza, kwa maana ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima na watoto wenye njaa hawafundishiki. Inayokusanywa mkononi na mwalimu mmoja bila karatasi, iulize kwenye mkutano. Nenda kwenye mkutano wa kwanza kabisa utakaoitwa, hata kama una mshono wa mtu. Kamati ya shule ina wajumbe wazazi, na mara nyingi nafasi hizo zinakosa watu.

Na mdogo asisubiri Januari. Uandikishaji wa darasa la kwanza kwa kawaida unafunguliwa Oktoba, na shule za Dodoma zinajaa mapema. Kama cheti chake cha kuzaliwa hakijatoka, anza kukifuatilia RITA sasa, na siku ya kumwandikisha nenda na kadi ya kliniki.